Kicheko cha Akina Hobart

Ndugu yangu Gisa aliiokota Amerika yake jalalani. Wengine tulipofika nchi hii tuliokota kazi, wengine shule, wengine mgongo mbovu na kisukari. Gisa aliokota kipindi cha televisheni. Wala si kipindi ambacho Wamarekani wenyewe walikipenda. Ni kile walichokionja wiki sita, wakakitema, wakaendelea na maisha yao.

Kiliitwa "Akina Hobart". Kilianza mwaka 2014, majani yalipokuwa yanaanguka, kila Jumanne jioni, na Noeli haikukikuta. Kama hukukiona hujapoteza kitu, lakini itabidi nikueleze, maana ndicho kilichotuharibia. Palikuwa na baba mnene, muuza magodoro. Kila wiki baba huyo alijitia kutengeneza kitu nyumbani, leo bomba, kesho paa, na kila wiki alikiharibu. Palikuwa na mke mzuri asiyelingana naye kabisa, ambaye kazi yake ilikuwa kumkodolea macho na kutikisa kichwa. Na palikuwa na watoto watatu, ambao kazi yao ilikuwa kumtukana baba yao kwa zamu, na yule mdogo kabisa ndiye aliyekuwa na mdomo mchafu kuliko wote. Mtoto akitukana, watu wasioonekana walicheka. Baba akianguka kwenye ngazi, walicheka. Mlango ukifunguliwa tu, kabla mtu hajasema lolote, walicheka.

Mimi nilikiangalia mara moja, hapa Buffalo, nyumbani kwa Bibi Wojcik, mama wa Kipolandi niliyekuwa namwogesha na kumpikia. Alikitazama dakika chache, akaniambia nizime takataka ile. Nikamwuliza hao wanaocheka ni akina nani na wamekaa wapi. Akasema hakuna mtu, ni mashine. Kuna mtu kazi yake kubonyeza kitufe pale wanapoogopa kwamba hutacheka mwenyewe. Nikazima, nikampa supu yake, nikadhani habari za akina Hobart zimeishia hapo.

Kumbe kule Ohio zilikuwa ndiyo zinaanza. Gisa alikaa Gahanna, karibu na uwanja wa ndege wa Columbus, katika nyumba ya mkopo yenye gereji. Alifanya kazi kwenye ghala, anaendesha foklifti, na kwa sababu aliendesha foklifti alijiona ameshika usukani wa nchi nzima. Aliapa kwamba akina Hobart ni majirani zake wa Columbus, ingawa kipindi hakikutaja mji wowote, na ingawa hata mimi niliona kwamba theluji yao ni pamba. Alirekodi kila Jumanne. Kilipokatwa, alikiomba kikundi cha maombi cha kanisa lake kiliweke jambo hilo mbele za Mungu. Watu waliokuwa na mama zao bado katika kambi za wakimbizi, watu waliokuwa na watoto wasiojulikana waliko, wakaombwa wafunge kula kwa ajili ya muuza magodoro. Mungu asifiwe, hakujibu.

Basi Gisa akawa anarudia zile sehemu sita alizorekodi, mwanzo mpaka mwisho, kisha mwanzo tena. Akajitungia na mafundisho kabisa. Alisema kwamba kwetu baba anaogopwa, ndiyo maana watoto wanamkimbia. Huku baba anachekwa, ndiyo maana watoto wanampenda. Akawaruhusu watoto wake wamtukane mezani. Watoto hawakuhitaji kuambiwa mara mbili. Walimtukana kwa Kiingereza, yeye akisikia nusu na kucheka yote.

Katika nyumba hiyo ndimo alimokuwa akikaa Rwema wangu.

Rwema ni mtoto wa kaka yetu mkubwa. Kaka aliuawa kule milimani, Kivu ya Kusini, na mkewe akafia kambini, nami nikamfunga mtoto mgongoni kabla hajajua kusimama. Nilimlea kambini, nikamleta Buffalo, nikamkuza katika nyumba ya mbao ya West Side ambayo upepo uliingia ukutani na kutokea jikoni. Hakuwa na mtu mwingine wa kumwita mama, na mimi sikuzaa. Alipokuwa mtu mzima akahamia kwa baba yake mdogo, kwa kuwa kwenye ghala lile walikuwa wanatafuta vijana. Huko Columbus, kwenye mkutano wa kwaya za makanisa yetu, akakutana na Umurerwa.

Umurerwa alikuwa binti wa Rudasingwa, wa Shively, pale Louisville, jimbo la Kentucky. Alihudumia wagonjwa, kama mimi, na hakuwa msichana wa maneno mengi. Alikutazama mpaka ukajisikia kusema ukweli. Nilimpenda siku ile ile aliponishika mkono. Lakini niseme wazi: nilimpenda zaidi baba yake. Rudasingwa alikuwa mtu wa kundi kubwa la ng'ombe huko milimani. Louisville wakampa kazi ya kubeba maboksi ya nyama iliyoganda mpaka mgongo ukakatika. Tangu hapo alikaa nyumbani. Mke ndiye aliyefanya kazi, mke ndiye aliyeendesha gari. Hata hivyo mgeni akiingia Rudasingwa alisimama, na ungeona usoni jinsi kusimama kulivyomuuma, na bado asingekaa mpaka wewe ukae. Rwema hakuwahi kuwa na baba. Nilitaka amwite mtu huyu baba. Nililala na kuamka na jambo hilo.

Sasa, kwetu msichana haombwi kimyakimya. Kuna siku ya gusaba, siku ya kuomba. Familia mbili zinakaa zikitazamana, na kila upande una msemaji wake mwenye fimbo. Ni mchezo, lakini una sheria. Msemaji wa upande wa msichana hukataa. Husema hatuna msichana hapa, mmepotea njia, nyinyi ni nani, nani amewaambia mje. Wageni hujishusha, hujibu kwa utani wa upole, huomba tena, naye hukataa tena, watu wakicheka, mpaka mwisho anakubali. Kisha msichana huitwa, huulizwa kama anawajua wageni hawa, anasema nawajua, na maziwa yananywewa. Wanawake hatusemi siku hiyo. Na baba wa msichana hasemi kabisa. Anakaa katikati ya watu wake kama mgeni, kinywa kimefungwa, kwa sababu maneno yake yote yamo kwa msemaji.

Msemaji wetu alikuwa Gisa. Nani alimchagua? Gisa. Alisema ndiye aliyebaki mahali pa baba, na hilo lilikuwa kweli, ndiyo bahati mbaya yenyewe.

"Bon, dada, niko na mawazo," aliniambia kwa simu mwezi wa tano. "Batu banachoka na hizi gusaba zetu. Mutu anasimama masaa mingi anaongea ng'ombe za mahari. Ng'ombe iko wapi mu Louisville? Mimi nitaleta comédie kidogo."

"Comédie gani?"

"Ya akina Hobart."

Nilikuwa nimeshika sufuria. Nikaiweka chini.

"Gisa, ile kitu, benyewe baliitupa."

"Baliitupa sababu habakuisikia maana yake. Mimi niliisikia. Donc, hapa Amerika baba mwenye banamucheka njo baba mwenye banamupenda."

"Na Rudasingwa? Utamucheka Rudasingwa mbele ya watu wake?"

"Apana, dada! Nitamuheshimu sana. Utaona."

Heshima ya Gisa naijua tangu alipokuwa anatembea bila suruali. Nikampigia Rwema, nikamwambia aseme na baba yake mdogo, kwamba huu ni mlango wake yeye, asiache mtu aupige teke. Rwema akacheka. "Shangazi, usiogope. Baba mudogo anachekesha. Batafurahi." Nikamwuliza kama na yeye anakipenda kile kipindi. Akasema kinachekesha, kisha akasema anaitwa kazini.

Jumamosi moja ya mwezi wa sita, mwaka 2015, tukashuka Louisville na gari mbili. Mimi nilikuwa nimetoka Buffalo mpaka Columbus kwa basi, miguu imevimba. Gisa alivaa suti ya rangi ya maziwa na tai yenye picha za bata. Njiani alinionyesha spika ndogo, nyeusi, inayoingia mfukoni. Alikuwa amevikata vile vicheko kutoka katika kipindi chenyewe, akavitia kwenye simu, na alikuwa anavijaribu. Tukipita shamba, kicheko. Tukipita polisi, kicheko. Mkewe alitazama dirishani njia nzima, Ohio mpaka Kentucky.

Ukumbi ulikuwa wa kanisa, huko Shively, wenye viti vya plastiki vilivyovalishwa vitambaa vyeupe. Msichana alifichwa na shangazi zake katika chumba cha watoto cha Jumapili, nyuma ya mlango wenye picha ya safina ya Nuhu. Kwa kuwa kanisa lile lina watu wa makabila yote ya Kivu, ilikubaliwa tusemeane Kiswahili ili kila mtu asikie. Rudasingwa alikaa mbele, koti limemzidi mabega. Tulipoingia alisimama, akabaki amesimama mpaka mtoto wetu wa mwisho akakaa.

Msemaji wao alikuwa Leopoldi, shemasi, mtu mwenye mdomo ambao ningeununua kama ungeuzwa.

"Musichana?" alisema, ameegemea fimbo yake. "Hapa hakuna musichana. Tulikuwa naye moja, asubui tukamutuma chumvi, na bus ya Louisville munaijua benyewe. Pengine atarudia mwaka kesho."

Watu wakacheka, watu wa kweli, kwa matumbo yao. Hata Rudasingwa alitabasamu kidogo. Ilibaki Gisa aseme basi sisi tutaingoja hiyo basi, tutakaa hapa chini, tupeni tu maji. Mtoto wa shule angejua kujibu.

Gisa akavuta suti yake. "Bazee," akasema, "sisi tumetoka Columbus. Ku Columbus bus inafika ku saa!" Akabonyeza.

Kicheko kikalipuka kutoka mfukoni mwake. Wazungu mia, wakicheka katika ukumbi wa kanisa la Wakongomani. Mama mmoja wa upande wao aliruka kitini. Watoto wakafurahia ile mashine, wakaanza kutafuta inatoka wapi, na wakubwa wakatabasamu kwa adabu, kama tunavyotabasamu kwa mtu aliyejikwaa. Gisa akadhani amependwa. Akasema kingine, juu ya ndege zinazopita karibu na gereji yake, akabonyeza. Akasema kingine, juu ya mke wake, akabonyeza. Leopoldi alijaribu kumrudisha njiani mara mbili, akimtupia maneno ambayo mtu yeyote aliyelelewa angeyadaka. Gisa aliyaacha yaanguke.

Kisha akafanya ambalo sijawahi kuliona na sitaki kuliona tena. Akamwacha Leopoldi amesimama na fimbo yake, akavuka katikati, akaenda mpaka mbele ya Rudasingwa.

"Muzee," akasema, "nasikia mu hii nyumba bibi njo anatumika kazi. Bibi njo anaendesha gari. Bibi njo analipa nyumba. Donc, musichana tuombe kwako, ao tuombe kwa bibi?" Akageukia watu, akafungua mikono yake kama yule muuza magodoro. "Wewe uko papa, ao uko mutoto wabo wa kwanza?"

Akabonyeza.

Mashine ilicheka muda mrefu. Ukumbi wote ulikuwa kimya, na katika kimya hicho nikasikia na mtu wa upande wetu akicheka, kicheko kifupi cha puani. Sikugeuka. Nilikuwa namtazama Rudasingwa. Hakukunja uso. Aliweka mikono kwenye magoti, akasimama, polepole, kwa yale maumivu yake.

"Musichana sitoe," akasema. "Murudie kwenu."

Na watu wetu wakapiga makofi! Walidhani ni mchezo. Si ndiyo siku ya kukataliwa? Si kila dakika tulikuwa tunakataliwa tangu tuingie? Binamu zetu wa Columbus wakapiga vigelegele, mmoja akasema kwa sauti kwamba mzee naye anajua kuigiza, na Gisa, mpumbavu wa ukoo, akabonyeza tena kitufe chake. Rudasingwa akapita katikati ya makofi na kicheko kile, akatoka kwa mlango wa pembeni.

Mimi nimeona gusaba nyingi, milimani, kambini, na katika miji mitatu ya nchi hii. Sijawahi kusikia baba wa msichana akifungua kinywa. Baba anaposema mwenyewe, mchezo umekwisha. Nilimtazama Leopoldi, nikaona amelaza fimbo yake juu ya kiti. Yeye naye alijua. Nikanyanyuka, mwanamke, mbele ya wote, nikatoka.

Rudasingwa alikuwa kwenye maegesho, amesimama karibu na gari la mkewe, mkono juu ya paa lake ingawa jua lilikuwa limelichoma. Nikapiga magoti. Lami ya Kentucky mwezi wa sita si mahali pa kupiga magoti, lakini sikuona njia nyingine.

"Simama, mama," akasema. "Magoti yako haina kosa."

"Baba Umurerwa, yule ni mupumbavu. Sisi wote tunajua. Usimuhesabu."

"Mupumbavu namusamehe." Aliutazama mlango wa ukumbi. "Unajua, mama, ile sinema na sisi tuliiangalia."

"Ya akina Hobart?"

"Kila Jumanne, siku ya pili ya juma. Batoto bangu habakae na mimi. Banakula, banaingia mu chumba, kila mutu na simu yake. Lakini ile siku balikuja. Tulikaa wote ku kiti moja. Kiingereza sikuisikia yote, lakini bakicheka ku televizyo, mimi nacheka. Nikafurahi. Nikasema, bon, sasa tuko famille tena." Alikuwa anasugua paa la gari kwa kidole. "Siku moja mutoto mudogo akamuuliza yule muzungu: uko papa, ao uko mutoto wa kwanza wa mama? Bakacheka sana ku tele. Nikageuka ili nicheke na batoto. Nikaona bananitazama mimi."

Hapo ndipo nilipoinuka kutoka kwenye lami.

"Habakucheka," akasema. "Balinitazama tu, kisha bakatazama chini. Umurerwa njo alisimama akazima. Hatukuangalia tena. Na kukaa pamoja hatukukaa tena. Leo ndugu yako analeta neno ile ile, mbele ya kanisa yangu, na bale bale batu banacheka."

Nilitamani kurudi ndani nimpige Gisa kwa fimbo yake mwenyewe. Wiki sita tu kilidumu kipindi kile, na kilikuwa kimetosha kuingia nyumba ya mtu mwema huko Kentucky na kumtoa kwenye kiti chake. Halafu mdogo wangu akakibeba tena kutoka Ohio, akaona anafanya kazi ya maana.

Nilimwomba Rudasingwa kwa ajili ya Rwema. Nilimwambia mtoto yule hana baba, kwamba nilimleta kwake si kwa ajili ya msichana tu. Nilimwambia kila nilichokuwa nacho moyoni. Nililia pia, na sijui kulia vizuri. Alinisikiliza mpaka mwisho.

"Kijana nilimupenda," akasema. "Na musichana wangu hana kosa. Twende. Aitwe, aulizwe vile desturi inasema. Akisema anabajua, mimi sitafunga mulango."

Mtu wa namna hiyo. Na kule ndani watu walikuwa wanapiga picha.

Niliporudi sikumwambia Gisa neno. Niliingiza mkono katika mfuko wa suti yake, nikatoa ile spika, nikaitia ndani ya mkoba wangu pamoja na dawa za miguu. Akaanza kusema dada, dada, nikamtazama, akakaa. Rudasingwa alirudi mahali pake. Alimnong'oneza Leopoldi, na Leopoldi akaichukua fimbo yake, akaangalia pande zote mbili, akasema kwa sauti ya upole kwamba ile basi ya Louisville imefika. Watu wakacheka tena, wamepona, wakisogeza viti. Vikombe vya maziwa vilianza kupitishwa kutoka jikoni. Niliketi nyuma ya Rwema. Nilimwona shingo, imenyolewa vizuri, ile niliyoifuta jasho kambini alipokuwa na malaria, nikamshukuru Mungu kwa sauti ndogo.

Mlango wa safina ukafunguliwa, Umurerwa akatoka katikati ya shangazi zake, amevaa mshanana wa rangi ya dhahabu, vazi letu la sherehe linalofungwa begani. Wanawake wa pande zote wakapiga vigelegele. Hakuinua macho mpaka alipofika katikati. Kisha aliyainua, na alimtazama baba yake kwanza.

"Umurerwa," akasema Leopoldi, "mutoto wetu. Hawa bageni banasema banakujua. Na wewe, unabajua?"

Hilo si swali. Ni kama kuulizwa ukifika kwa watu kama umekula. Vikombe vilikuwa tayari mikononi mwa watu.

"Sibajue," akasema Umurerwa.

Wachache walianza kucheka, wakidhani huu nao ni utani, kwamba vijana wa siku hizi wameongeza kionjo chao. Kicheko kikafa chenyewe, kwa kuwa safari hii hapakuwa na mtu wa kukibonyeza.

"Umurerwa," akasema baba yake, taratibu. "Mimi nimesamehe. Usifanye hivi juu yangu."

"Papa, wewe umesamehe yule mwenye kusema." Alionyesha mlango wa safina. "Mimi nilikuwa ku nyuma ya mulango. Nilisikia ile mashine. Nikasema, haina kitu, ni mashine, na yule mwenye kuibeba ni muzee hana akili. Kisha nikasikia mutu anacheka mu pua. Ile kicheko naijua. Nimeisikia ku simu mwaka muzima, nikaipenda." Akamgeukia Rwema, na kwa mara ya kwanza nikamwona anatafuta neno. "Nilikuambia, Rwema. Mambo ya ile jioni, vile papa alitutazama. Nilikuambia wewe peke yako. Na ulicheka."

Usoni mwa Rwema bado palikuwa na kipande cha tabasamu ambacho hakujua akiweke wapi.

"Papa wangu namujua," akasema Umurerwa. "Hawa sibajue."

Akageuka, akarudi, na shangazi zake wakamfuata mmoja mmoja, na yule wa mwisho akafunga mlango. Leopoldi aliomba samahani kwa wageni, kwa maneno mazuri ambayo hatukuyastahili. Vikombe vya maziwa vikarudishwa jikoni vikiwa vimejaa. Rudasingwa alisimama tulipokuwa tunatoka, akabaki amesimama mpaka gari zetu zikaondoka.

Mpaka Cincinnati Gisa hakunyamaza. Msichana hajui utani. Watu wa Louisville wamebaki nyuma. Kama angepata mume Mmarekani wa kumtania kila siku, angeona. Mkewe alimwambia anyamaze, neno la kwanza nililolisikia kutoka kwake siku ile, naye kwa mshangao akanyamaza. Rwema alikuwa amekaa pembeni yangu, nyuma, analia. Aliegemeza kichwa begani kwangu kama zamani, na mimi nikakiacha kikae, lakini mkono wangu haukwenda kukishika. Nilijaribu, haukwenda.

"Shangazi," akasema, "nilifanya nini? Mbona ni mimi tu? Batu wote balicheka."

Nilikuwa namtafutia neno la kumtuliza, maana ndiyo kazi niliyoifanya tangu akiwa mgongoni, nikatafuta kweli, sikulipata.

"Hakuna mutu alicheka, Rwema," nikamwambia. "Ilicheka mashine, na wewe."